Kura za Uzunguni: Miaka 36 ya Mbunge wa Houghton



Katika ukurasa huu wa Nchi Jirani tumezoea kuleta habari za migomo, mishahara na mikataba. Safari hii tunaleta habari za kura, tena kura zilizopigwa na watu ambao si wenzetu hata kidogo: matajiri wa Kizungu wa Houghton, kitongoji cha kaskazini ya mji wa Johannesburg, Afrika Kusini. Tunafanya hivyo kwa sababu katika matawi yetu mabishano juu ya wabunge hayaishi. Wako wanaosema kuwa mbunge mmoja mwema anatosha kumwokoa mfanyakazi. Wako wanaosema Bunge ni mali ya mabepari, na kwamba hakuna cha maana kitakachotoka humo. Habari za Helen Suzman, aliyekishikilia kiti cha Houghton tangu 1953 hadi 1989, zinawasuta wote wawili.

Kwanza tulitazame jimbo lenyewe. Houghton ni uzunguni kwa maana kamili ya neno hilo. Ni nyumba kubwa zenye bustani pana, barabara zenye miti ya jakaranda pande zote mbili, na nyuma ya nyumba, uani, vyumba vidogo vya watumishi. Humo walilala mpishi, yaya, dobi na shamba boi. Sheria za makaburu ziliwaruhusu kulala pale kwa ajili ya kazi tu. Mke au mume hakuruhusiwa kuishi nao, wala watoto. Hao walibaki mashambani au katika vitongoji vya Waafrika kama Soweto. Kila mtumishi alipaswa kuwa na pasi yake mfukoni, jambo ambalo wazee wetu wa Kenya waliobebeshwa kipande wakati wa ukoloni hawahitaji kuelezwa. Mwafrika asiye na haki ya kukaa mjini hakuruhusiwa kuzidisha saa 72. Akikutwa na polisi baada ya hapo, alikwenda kizuizini.

Basi uchaguzi ulipofika, bwana na bibi wa nyumba walikwenda kituoni kupiga kura, na yule aliyewapikia chai ya asubuhi alibaki jikoni.

NANI ALIKUWA NA KURA

Haikuwa hivyo kila mahali tangu mwanzo. Katika jimbo la Cape baadhi ya Waafrika, wenye mali au kipato cha kiasi fulani, walikuwa katika daftari moja la wapiga kura na Wazungu mpaka 1936. Mwaka huo wakaondolewa. Badala yake wakapewa wabunge watatu wa kuwasemea, na hao watatu ilikuwa lazima wawe Wazungu. Machotara wa Cape nao waliondolewa katika daftari la pamoja mwaka 1956.

Hata vile viti vitatu vilikuwa mwiba kwa serikali. Mwaka 1954 wapiga kura Waafrika wa Cape Magharibi walimchagua Ray Alexander. Huyu alikuwa mwenzetu hasa, mwanzilishi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya vyakula na makopo mwaka 1941. Serikali ilipitisha sheria ya kumzuia kwa kuwa alikuwa mkomunisti, na alipokwenda Bungeni polisi wakamfungia njia. Alichaguliwa kwa haki na hakukikalia kiti chake hata siku moja. Mwaka 1960 viti vyenyewe vikafutwa kabisa. Tangu hapo Waafrika, ambao walikuwa zaidi ya theluthi mbili ya watu wote wa nchi, hawakuwa na mbunge yeyote wa kuwasemea, hata wa kukopeshwa.

Na hata kati ya Wazungu wenyewe kura hazikuwa sawa. Katiba ya Muungano wa Afrika Kusini ya 1910 iliruhusu jimbo la mashamba liwe na wapiga kura pungufu kwa asilimia 15, na jimbo la mjini liwe na wengi zaidi kwa asilimia 15. Maana yake ni kuwa kura ya mkulima wa Kikaburu ilikuwa na uzito kuliko kura ya mtu wa Johannesburg. Matunda yake yalionekana mwaka 1948. Chama cha United Party kilipata kura nyingi zaidi nchini, lakini Nationalist na wenzao walipata viti 79 na kuunda serikali. Serikali hiyo ndiyo iliyoleta utaratibu wa ubaguzi wa rangi tunaoujua kwa jina la apartheid. Tunaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, maana mara nyingi watu hutazama nani kapigiwa kura nyingi bila kuuliza nani aliyechora mipaka ya majimbo.

JINSI ALIVYOPATA KITI

Helen Suzman alizaliwa mwaka 1917 katika mji wa Germiston, mji wa migodi karibu na Johannesburg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Lithuania. Alisoma uchumi, akafundisha historia ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Baada ya Vita Kuu ya Pili alisaidia kukusanya ushahidi uliopelekwa mbele ya Tume ya Fagan, iliyochunguza sheria zilizowabana Waafrika mijini na hali ya vibarua wa kuhamahama. Yeye mwenyewe alisema mara nyingi kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomfumbua macho. Hao vibarua wa kuhamahama, tukumbushane, hawakuwa watu wa Afrika Kusini peke yao. Walitoka Msumbiji, Malawi, hata Rungwe kwetu Tanganyika. Wazee wanaokumbuka malori ya WENELA wanajua tunasema nini.

Mwaka 1953 aliteuliwa na United Party kugombea Houghton. Katika kitongoji kile chama hicho kilikuwa na nguvu sana, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuteuliwa. Ukishateuliwa umekwisha kufika Bungeni. Alirudi tena mwaka 1958 kwa njia hiyo hiyo. Kama angekaa kimya, kiti kingekuwa chake mpaka uzeeni na leo tusingekuwa na sababu ya kumwandika.

Lakini Agosti 1959 United Party ilifanya mkutano wake mkuu Bloemfontein, ikapitisha azimio la kupinga serikali kununua ardhi zaidi kwa ajili ya Waafrika, ingawa ardhi hiyo iliahidiwa tangu 1936. Wabunge wapatao kumi na mmoja wakatoka, Suzman akiwamo, na mwaka huo huo wakaunda Progressive Party chini ya Dk. Jan Steytler. Hapo ndipo kiti kilipoacha kuwa cha bure.

KURA 564

Uchaguzi ulifanyika tarehe 18 Oktoba 1961, mwaka mmoja na nusu tu baada ya mauaji ya Sharpeville. Chama cha Progressive kilipata makumi ya maelfu ya kura nchini. Kwa utaratibu wa jimbo moja mbunge mmoja, kura hizo zilipotea karibu zote. Steytler alianguka. Wale wenzake wote waliotoka United Party walianguka. Aliyebaki ni mmoja tu, mbunge wa Houghton, ambaye alimshinda mgombea wa United Party kwa kura 564.

Tukae kidogo juu ya tarakimu hii. Kura 564 ni watu ambao wangetosha katika banda moja la kiwanda cha katani. Kama Wazungu 283 tu wa Houghton wangegeuza mawazo yao asubuhi ile, Bunge la Afrika Kusini lisingekuwa na mtu hata mmoja wa kupinga ubaguzi waziwazi kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata, yaani miaka ambayo Mandela, Sisulu na wenzao walihukumiwa na kupelekwa Robben Island, na vyama vya ukombozi vilikuwa uhamishoni Dar es Salaam, Lusaka na London. Mwaka 1966 alishinda kwa kura 711. Uchaguzi huo Nationalist walichukua viti 126 kati ya 166, na Progressive kikabaki na kile kimoja. Mwaka 1970 alimzidi mpinzani wake kwa kura zaidi ya 2,000. Hapo tena yeye peke yake.

Jambo la kuangaliwa ni nani aliyekuwa akipigana naye. Nationalist hawakuwa na watu wengi katika kitongoji kile. Aliyetaka kumng'oa, mwaka hadi mwaka, ni United Party, chama kilichojiita cha upinzani. Upinzani wa namna hiyo wafanyakazi tunaufahamu. Ni kama yule kiongozi wa tawi anayempigia kelele meneja mbele ya wanachama, kisha jioni wanakunywa pamoja. Mwaka 1963 serikali ilileta sheria ya kumweka mtu kizuizini siku 90 bila kumfikisha mahakamani. United Party iliunga mkono. Upande wa kupinga alisimama mbunge wa Houghton peke yake.

KITI KIMOJA KINAFANYA KAZI GANI

Kidole kimoja hakivunji chawa, na Suzman hakuvunja sheria hata moja kwa kura yake. Alijua hivyo. Kwa hiyo alikitumia kiti kwa njia nyingine, ambayo viongozi wa matawi wanafaa kuijua kwa sababu inafanana sana na kazi yao wenyewe: aliuliza maswali.

Kila kikao cha Bunge mjini Cape Town aliwaandikia mawaziri maswali kwa makumi. Ni Waafrika wangapi wamekamatwa mwaka huu kwa makosa ya pasi? Ni wangapi wako kizuizini bila hukumu? Wangapi wamechapwa viboko, wangapi wamenyongwa, wangapi wamehamishwa kwa nguvu? Waziri alilazimika kujibu, na jibu likachapwa katika taarifa rasmi za Bunge. Ubora wa jambo hili ulikuwa hapa. Magazeti yalifungwa mdomo na sheria nyingi; kwa mfano sheria ya magereza ya 1959 ilifanya iwe hatari kuandika chochote juu ya hali ya wafungwa. Lakini kilichosemwa Bungeni kiliweza kuchapwa. Kwa njia hiyo serikali yenyewe ilitoa ushahidi dhidi yake, na dunia nzima ikajua kwamba Waafrika walikuwa wakikamatwa kwa pasi kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Waziri mmoja alipolalamika kwamba maswali hayo yanaiaibisha nchi ng'ambo, Suzman alimjibu kuwa kinachoaibisha si maswali yake, ni majibu yao.

Mbunge pia alikuwa na haki ya kudai kuingia mahali ambapo raia wa kawaida hakuruhusiwa. Mwaka 1967 alifika Robben Island. Wafungwa wa chumba cha kwanza walimwelekeza mwishoni mwa ukumbi, kwa Mandela. Mandela alimweleza habari za chakula, nguo, na kazi katika machimbo ya chokaa, akamtajia msimamizi mmoja wa kazi aliyekuwa amechanjwa alama ya Wanazi mkononi. Suzman alilipeleka jambo hilo kwa wakubwa, na haukupita muda mrefu msimamizi yule akaondolewa kisiwani. Ni jambo dogo. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya nyapara katili atatuambia kama ni dogo.

Katika mambo ya kazi alipinga sheria za kuwatengea Wazungu kazi za ufundi, na alidai Mwafrika ahesabiwe kuwa mfanyakazi kisheria. Msomaji asishangae. Kwa sheria ya usuluhishi wa viwandani ya makaburu, neno mfanyakazi halikumhusu Mwafrika mwenye pasi, na kwa hiyo chama chake hakikuweza kuandikishwa.

YASIYO MATAMU

Sasa yapo mambo ambayo wale wanaomsifu Suzman hupenda kuyapita mbio, nasi hatutayapita.

Chama chake kilipata msaada mkubwa wa fedha kwa Harry Oppenheimer, mwenyekiti wa Anglo American, kampuni kubwa kuliko zote za madini nchini. Wachimbaji wa kampuni hiyo waliishi katika kampaundi, wanaume watupu, mbali na jamaa zao. Mwaka 1987 chama cha wachimba migodi kilipogoma kwa wiki tatu, Anglo American iliwafukuza maelfu kwa maelfu. Hatusemi kwamba Suzman alitumwa na mabepari. Tunasema kwamba bepari anaweza kuchukia pasi kwa sababu zake: anataka vibarua waliotulia mjini na waliojifunza kazi, na pasi inamsumbua. Mahali fulani njia yake na njia ya mfanyakazi hukutana, kisha zinaachana.

Tena, chama chake hakikuanza na msimamo wa kila mtu kura moja. Kwa miaka karibu ishirini kilitaka kura ipewe mwenye elimu ya kiasi fulani au kipato cha kiasi fulani. Yaya wa Houghton asiyejua kusoma angebaki jikoni vile vile. Msimamo huo uliachwa mwaka 1978 tu. Na mwaka 1968, serikali ilipopiga marufuku vyama vya siasa vyenye watu wa rangi mbalimbali, chama cha Liberal kilijivunja kuliko kukubali. Progressive kilikubali, kikabaki cha Wazungu, ili kiti cha Houghton kisipotee. Je, walifanya vyema? Sisi wenyewe katika chumba cha kuandikia makala hii hatukukubaliana. Mmoja wetu anasema bila kiti kile maswali yasingeulizwa. Mwingine anasema kiti kilichonunuliwa kwa kuwatoa wanachama Waafrika ni ghali mno.

Juu ya vikwazo vya uchumi hatuna ubishi. Suzman alivipinga, akisema vitawaumiza Waafrika kwa kuwanyima kazi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi COSATU, lililoundwa Durban mwaka 1985, liliviunga mkono, ingawa wanachama wake ndio ambao wangepoteza kazi hizo. Tunaona wao ndio waliokuwa na haki ya kuamua.

KILICHOVUNJA UKUTA

Mwaka 1974 upweke ulikwisha. Progressive kilipata viti sita, vitatu kati ya hivyo vikiwa katika vitongoji jirani na Houghton: Parktown, Orange Grove na Johannesburg North. Kiti cha saba kilipatikana kwa uchaguzi mdogo huko Pinelands mwaka huo huo. Mwaka 1977, kwa jina jipya la Progressive Federal Party, kikawa chama kikuu cha upinzani. Kwa jumla Suzman alirudishwa na Houghton katika chaguzi kuu tisa.

Lakini tazameni kalenda ya upande wa pili. Januari 1973, katika kiwanda cha matofali mjini Durban, wafanyakazi waliacha kazi kudai mshahara. Mgomo ukaenea katika viwanda vya nguo, bandarini, hata kwa wafagiaji wa manispaa, mpaka wafanyakazi zaidi ya 60,000 wakawa wamegoma, wakati mgomo wa Waafrika ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1942. Serikali haikuweza kuwafunga wote. Mwaka 1979, baada ya Tume ya Wiehahn, makaburu wakakubali kuandikisha vyama vya wafanyakazi Waafrika. Mwaka 1986 sheria za pasi zikafutwa. Hoja zote za mageuzi hayo Suzman alikuwa amezitoa Bungeni miaka mingi, na zilikuwa zimelala katika vitabu vya Bunge. Zilizoziamsha ni mashine zilizosimama Durban na vijana walioandamana Soweto mwaka 1976.

Na hata hapo walisahauliwa wawili: mfanyakazi wa shambani na mfanyakazi wa nyumbani. Mageuzi ya 1979 hayakuwahusu. Watumishi wa nyumbani, wakiwamo wa Houghton, waliunda chama chao cha taifa mwaka 1986, lakini sheria ya mahusiano kazini haikuwaingiza mpaka miaka ya 1990. Kwa msomaji wetu wa mashamba ya chai na miwa hili si jambo geni.

Mwaka 1989 Suzman alistaafu, akiwa amekaa Bungeni miaka 36. Houghton ilimchagua Tony Leon wa Democratic Party kushika nafasi yake. Huo ulikuwa uchaguzi mkuu wa mwisho wa Houghton kama jimbo la Bunge, kwa sababu Afrika Kusini iliacha utaratibu wa jimbo moja mbunge mmoja, na tangu 1994 viti hugawanywa kwa kadiri ya kura za kila chama. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulianza tarehe 26 Aprili 1994 na kupigwa kura zipatazo milioni 19.5. Suzman alikuwa mmoja wa makamishna wa Tume ya Uchaguzi iliyousimamia. Alifariki tarehe 1 Januari 2009.

Miaka michache baada ya kutoka gerezani, Mandela alihamia Houghton, na huko ndiko alikofia mwaka 2013. Nyumba kubwa bado zipo, na vyumba vya uani bado vipo. Wanaolala humo wana kura siku hizi. Mshahara wao wa chini umewekwa kisheria tangu 2002, na kila mwaka vyama vyao vinaendelea kubishana na serikali na waajiri juu ya kiasi chake.